Je, huu ni ukurasa wa Kurani? Jibu kuhusu khati ya Kiajemi na namna ya kuitunza

"Assalamu alaykum. Marehemu baba alikuwa na duka Mutrah, hapa Muscat, na kabla hajafariki alinipa fremu ambayo yeye alizawadiwa na mteja wake, mzee wa Kiajemi, miaka mingi nyuma. Ndani mna ukurasa wenye mistari minne ya maandishi makubwa meusi, imelala mshazari. Imezungukwa na dhahabu yenye umbo la mawingu, kwenye pembe kuna maua, na pambizo ni pana, rangi ya samli, imechorwa wanyama kwa dhahabu. Nimesoma chuoni Unguja tangu utotoni na Kurani naisoma vizuri, lakini hapa siambulii kitu, isipokuwa chini kushoto naona kama 'al-faqir Imad'. Shangazi anasema ni aya za Kurani na haifai kuning'inizwa sebuleni. Kaka yangu alisema ni chapa za kuuzia watalii. Kisha akasoma mtandaoni habari za Mir Emad, bingwa wa khati wa Kiajemi, sasa anataka tuiuze. Mwenye duka la fremu kaniambia niitoe, niipanguse kwa kitambaa chenye majimaji, kisha niipige laminesheni, kwa sababu mstari wa kijani umeanza kupasuka. Nimsikilize nani, na nianze wapi?"

Wa alaykumu salaam dada yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Yote uliyouliza nitayajibu, lakini moja halingoji: usiipanguse kwa kitambaa chenye maji, usiipige laminesheni, na usikubali itolewe kwenye fremu dukani. Naamini mwenye duka amesema kwa nia njema. Hata hivyo, kwa karatasi ya namna hii ushauri wake unafuta maandishi yenyewe.

Sababu iko katika jinsi karatasi hiyo ilivyotengenezwa. Mwandishi wa Kiajemi wa khati, yaani mwandiko wa sanaa, hakuandika juu ya karatasi ghafi. Kwanza ilipakwa uji mwepesi wa wanga, ikaanikwa, kisha ikalazwa juu ya ubao laini na kusuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ikateleza na kung'aa, kama kanzu iliyotiwa wanga ikapigwa pasi. Hapo kalamu ya tete haikwami na wino hausambai. Wino nao ulikuwa masizi ya taa, yamesagwa muda mrefu na kuchanganywa na utomvu wa mgunga. Masizi hayapaushwi na jua wala hayali karatasi, ndiyo maana maandishi ya miaka 500 bado ni meusi tii. Lakini wino huo haukuzama ndani. Umekaa juu ya utando wa wanga, umeshikwa na utomvu peke yake, na utomvu wa mgunga huyeyuka kwa maji. Waandishi wenyewe waliitegemea tabia hiyo: aliyekosea aliifuta herufi kwa unyevu kidogo, akaandika upya. Kitambaa cha majimaji kitafanya kazi ile ile leo, ila hakitachagua palipokosewa na palipopatia.

Laminesheni ni mbaya zaidi, kwa sababu maji huharibu sehemu, lakini plastiki iliyoyeyushwa kwa moto hushika kila kitu. Dhahabu, rangi na utando wa wanga vitagandana nayo. Mhifadhi, yaani fundi wa kutunza karatasi za kale, akijaribu kuibandua baadaye, maandishi yatatoka na plastiki.

Sasa huo mstari wa kijani. Nimefurahi umeutaja, kwa sababu una habari mbili, moja ya hatari na moja ya faraja. Kijani cha zamani cha Kiajemi mara nyingi kilitengenezwa kwa kutu ya shaba. Shaba hiyo huendelea kuila karatasi polepole kwa karne nzima: kwanza karatasi inageuka kahawia nyuma ya mstari, kisha inakuwa kavu na dhaifu, kisha inakatika kufuata mstari wenyewe. Mafundi wa Iran walilijua tatizo hili, na waliongeza zafarani katika rangi hiyo ili kupunguza ukali wake. Kwa hiyo ninachohofia ni kwamba kilichopasuka si rangi bali karatasi iliyo chini yake. Kama ndivyo, fremu ikitikiswa au kuinuliwa vibaya, kipande cha katikati kinaweza kuachana na pambizo. Faraja ni kwamba rangi iliyochapwa na mashine haili karatasi hivyo. Ufa ukiwa umefuata kijani hicho tu na kuziacha rangi nyingine, dai la kwanza la kaka yako, kwamba ni chapa, limepungua nguvu sana.

Huenda ukajiuliza kwa nini fundi aliweka mistari hiyo ya rangi kuzunguka maandishi, kama ina madhara. Ni kwa sababu ukurasa wako si karatasi moja. Maandishi yaliandikwa kwenye kipande chake. Fundi mwingine akakata dirisha katikati ya karatasi nyingine iliyo pana, akakibandika kipande humo, na mistari ya jedwali, ya dhahabu, buluu, nyekundu na kijani, ikapigwa juu ya kiungo ili kisionekane. Mpambaji wa dhahabu naye alikuja baada ya mwandishi. Alizungushia kila mstari wa maandishi ukingo wa mawingu, akaliacha eneo la herufi lilivyo, na nje ya mawingu ndiko akajaza dhahabu iliyosagwa. Zile pembetatu zenye maua ni nafasi zinazobaki maandishi yakilala mshazari ndani ya umbo la mstatili. Alizipamba kwa sababu aliachiwa yeye. Hiyo ni mikono mitatu au minne katika ukurasa mmoja, na haikuwa lazima ikutane. Maandishi yanaweza kuwa ya Iran ya karne ya 16, na pambizo ikawekwa India au Tehran miaka 200 baadaye na mmiliki mpya aliyetaka kurasa zake zote zifanane. Kwa hiyo mtu akikuambia "ukurasa huu ni wa mwaka fulani", muulize ni sehemu gani yake.

Kutokana na hilo nikuondolee wasiwasi ambao hukuutaja moja kwa moja, lakini wengi wenye ukurasa mmoja mkononi huwa nao: kwamba kuna kitabu mahali kimechanwa. Kwa maandishi ya mshazari ya mistari minne, ambayo Waajemi huyaita chalipa, sivyo ilivyo kwa kawaida. Yaliandikwa yakiwa karatasi moja moja tangu mwanzo, yakakusanywa na wapenzi wa khati katika albamu. Maarufu kati ya hizo ni ile aliyoikusanya Dust Muhammad kwa ajili ya Bahram Mirza, ndugu wa Shah Tahmasp, mfalme wa Iran, mwaka 1544 hadi 1545, ambayo sasa iko katika makumbusho ya Topkapi, Istanbul. Mwanzoni mwake aliandika dibaji ndefu inayowataja mabingwa wa khati na walimu wao, kizazi baada ya kizazi. Katika utamaduni huo mwandishi wa khati ndiye aliyekaa mbele, na mchoraji wa picha alikuja nyuma yake. Sisi leo macho hukimbilia picha na dhahabu, lakini aliyeuagiza ukurasa kama wako alilipia kwanza ile mistari minne.

Sasa shangazi. Heshima yake kwa maandishi ni jambo jema na ningependa familia yenu iendelee nayo. Lakini kwa maelezo yako, karibu hakika hizi si aya. Misahafu ya Iran iliandikwa kwa naskhi, kwa muhakkaki, kwa thuluthi: miandiko inayosimama wima, yenye irabu zote, inayomlinda msomaji asikosee. Mwandiko wa ukurasa wako ni nastaliki, uliokomaa Iran kati ya karne ya 14 na ya 15, na kazi yake kubwa ilikuwa mashairi ya Kiajemi. Upo msahafu wa nastaliki ulioandikwa na Shah Mahmud Nishapuri mwaka 1538, nao uko Topkapi, na wataalamu huutaja mara kwa mara kwa sababu kazi ya namna hiyo ni adimu. Tahadhari moja tu: waandishi wengi walianza ukurasa kwa kulitaja jina la Mungu juu kabisa, kwa herufi ndogo, hata kama kinachofuata ni shairi la mapenzi. Litafute. Ukilikuta, suala la wapi pa kuining'iniza muulize sheikh wako. Mimi nitakuambia baadaye wapi panapofaa kwa usalama wa karatasi.

Kuhusu kushindwa kusoma, usijilaumu hata kidogo. Wewe umefunzwa kusoma maandishi yanayokaa juu ya mstari mmoja ulionyooka. Nastaliki haina mstari huo. Kila neno huanzia juu kulia na kushuka kuelekea kushoto, na neno linalofuata huanza tena juu, mara nyingine likipanda mgongoni mwa lililotangulia. Masimulizi ya mabingwa husema Mir Ali wa Tabriz aliupata mwandiko huu baada ya kuota bukini wakiruka. Ni hadithi, lakini ukiutazama ukurasa wako kwa mbali bila kujaribu kusoma, utaona kwa nini hadithi hiyo ilidumu.

Ukiusogelea, utaona ufundi wenyewe. Ncha ya tete imechongwa mshazari, kwa hiyo kalamu ikigeuzwa kidogo tu mkononi, mkwaju unatoka mwembamba kama unywele au mnene kama upana wote wa ncha. Alifu ni fupi, kama nukta tatu za kalamu hiyo hiyo kwa urefu, kwa kuwa nukta ndiyo iliyokuwa kipimo cha herufi zote. Nguvu yote imewekwa katika mikwaju ya kulala. Herufi ya sini, ambayo chuoni ulifundishwa ina meno matatu, hapa mara nyingi haina jino hata moja. Imevutwa ikawa upinde mrefu uliotanda nusu ya mstari. Hilo pekee linatosha kumpoteza msomaji wa Kurani. Nukta nazo hazikai lazima chini au juu ya herufi yake. Mwandishi huzisogeza penye nafasi ili ukurasa upumue. Irabu hamna. Zaidi ya hapo, lugha ni Kiajemi, chenye herufi za pe, che, zhe na gaf ambazo Kiarabu hakina, na waandishi wa zamani mara nyingi hawakujali kuitia gaf mkwaju wake wa pili, hivyo inasomeka kama kafu. Wazee wetu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikutana na shida iyo hiyo: sauti ya p ikiandikwa kwa ba, msomaji akaachiwa atambue mwenyewe.

Lakini kuna jambo unaloweza kulifanya bila kujua Kiajemi, na ningependa ulifanye. Tazama mwisho wa kila mstari kati ya ile minne. Shairi la Kiajemi hugawa beti katika nusu mbili, kama ukwapi na utao katika mashairi yetu, na mistari yako minne yamkini ni nusu nne, yaani beti mbili za kwao. Rubai, shairi fupi la mistari minne, huwa na kina kimoja mwisho wa mstari wa kwanza, wa pili na wa nne, na wa tatu huachwa huru. Beti mbili za mwanzo wa ghazali, shairi la mapenzi, hufuata mpango huo huo. Katika vipande vya mashairi mengine, ni wa pili na wa nne tu vinavyopatana. Kama herufi za mwisho zinajirudia hivyo, una shairi mkononi. Muscat haikosi watu waliosoma Kiajemi. Mpelekee mmoja wao picha iliyo wazi na utajua maneno yenyewe, na huenda na jina la mshairi, siku hiyo hiyo.

Nije kwa Imad. Ninaelewa kwa nini kaka yako amesisimka. Mir Emad al-Hasani ni kati ya majina makubwa kabisa ya nastaliki. Aliishi zama za Shah Abbas na aliuawa Isfahan mwaka 1615. Chini kushoto ndipo mahali pa kawaida pa sahihi katika chalipa, na "al-faqir", yaani fukara mbele ya Mola, ni namna ya kawaida ya mwandishi kujitaja kwa unyenyekevu. Mpaka hapo kila kitu kiko mahali pake. Tatizo ni kwamba jina hilo liko kwenye kurasa nyingi mno ambazo Mir Emad hakuziandika. Baadhi ni za wadanganyifu. Nyingi, hata hivyo, ni za watu waaminifu: mwanafunzi wa khati alijifunza kwa kunakili ukurasa wa bwana wake mkwaju kwa mkwaju, na walikuwepo walionakili na sahihi yake pia. Miaka 200 baada ya kifo chake bado watu wa Iran walikuwa wanaiga mkono wake. Kwa hiyo sahihi ni mwanzo wa uchunguzi. Uamuzi hutoka kwa mtu anayeujua mkono wa Mir Emad kwa kuuona mwingi: jinsi anavyofunga kitanzi cha wau, anavyoinua mkwaju mrefu katikati na kuushusha bila kutetereka. Mnakili mzuri huiga umbo la herufi. Kasi ya mkono ni ngumu zaidi kuigwa, na wasiwasi wa mnakili huonekana ukikuza picha.

Hata kama si Mir Emad, usiudharau. Nakala nzuri ya karne ya 19 iliyoandikwa na mtu asiye na jina kubwa ni kazi ya maisha ya mtu.

Kuhusu chapa, unaweza kujiridhisha mwenyewe ukiwa na kioo cha kukuzia na tochi, bila kufungua fremu. Chapa ya kisasa ukiikuza ni vitone vidogo vya rangi vilivyopangwa. Chapa ya mawe, iliyoenea Iran katika karne ya 19, haina vitone, lakini weusi wake ni sawasawa mwanzo hadi mwisho. Wino wa tete haufanani popote: mkwaju ukiwa mrefu unaanza mzito na kupauka kidogo kadiri kalamu inavyokauka, kisha unakuwa mweusi tena ilipochovywa kidauni. Mulika dhahabu kwa upande. Dhahabu ya kweli huwaka na kuzima kadiri unavyosogeza tochi, wakati rangi ya manjano ya chapa inabaki vile vile. Kazi za kuuzia watalii zipo kweli, na hila yake ya kawaida ni kuchora picha mpya juu ya ukurasa wa zamani wa maandishi, mpaka wakati mwingine herufi zinaonekana chini ya farasi. Ya kwako haina picha ya watu wala vita, kwa hiyo hila hiyo haikuhusu sana, ingawa pambizo yenye wanyama wa dhahabu inaweza kuwa ya juzi. Hapo maabara husaidia: nyeupe ya titani, kwa mfano, haikuwepo kwa wachoraji kabla ya karne ya 20, na mashine huigundua bila kukata hata kipande.

Kuuza ni uamuzi wenu, nami siwalaumu wanaouza. Ila msiongozwe na bei za magazetini. Mwaka 2022 ukurasa mmoja wa Shahnama, utenzi wa wafalme wa Iran, ya Shah Tahmasp uliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 8, na tangu hapo watu wengi wanaamini karatasi yoyote ya Kiajemi yenye dhahabu ni utajiri. Kile kilikuwa kitabu cha kifalme chenye picha 258, ambacho Shah Tahmasp alimpelekea Sultan Selim II wa Uturuki mwaka 1568. Kilifika salama mpaka karne ya 20. Mmarekani Arthur Houghton alikinunua mwaka 1959, akakifumua, kurasa zikaanza kutawanyika: picha 78 zikaenda Metropolitan Museum, New York, nyingine zikauzwa moja moja. Kilichobaki kilirudi Iran mwaka 1994, kwa kubadilishana na mchoro wa Willem de Kooning, mchoraji wa karne ya 20. Mimi nikiona bei zile ninafikiria kwanza kitabu ambacho hakitafunguliwa tena kikiwa kizima. Ukurasa wenu hauna lawama hiyo. Lakini pia hauna nasaba ile, na mnunuzi makini atauliza kabla ya yote: ulitoka wapi, uliingiaje Oman, una karatasi gani za kuthibitisha?

Kwa hiyo anzia hapo, kwa kuwa hilo halihitaji mtaalamu. Andika kwenye karatasi ya pembeni, si nyuma ya fremu, kila unachokumbuka: mzee yule alikuwa nani, takriban mwaka gani, alisema nini. Tafuta picha za zamani za dukani au nyumbani ambazo fremu inaonekana ukutani. Waulize wazee walio hai sasa, akiwemo shangazi.

Kisha ishushe fremu kwa mikono miwili, uilaze ikitazama juu, na uipeleke chumba cha ndani kisicho na jua wala ukuta unaopakana na bafu au jiko. Usiielekezee kiyoyozi. Katika mji wenu, kinachoiumiza karatasi kuliko joto lenyewe ni kupanda na kushuka kwa unyevu, kiyoyozi kikiwashwa mchana na kuzimwa usiku. Wahifadhi hupenda unyevu utulie karibu asilimia 50. Kama kioo cha fremu kinagusa ukurasa, usijaribu kukiinua, maana dhahabu inaweza kuwa imegandia hapo.

Baada ya hapo tafuta mhifadhi wa karatasi, ana kwa ana. Kwa ufa ulioueleza, hili lifanyike ndani ya wiki chache, lisisubiri mwaka. Anza na Makumbusho ya Taifa ya Oman hapo Muscat: waombe wakuelekeze kwa mhifadhi wa karatasi, hata kama wao hawapokei kazi za watu binafsi. Jumba la Sanaa ya Kiislamu la Doha ni mahali pengine pa kuuliza. Usiivushe fremu mpaka wa nchi kabla ya kuulizia vibali. Tuma picha kwanza, ya mbele nzima, ya sahihi, na ya mstari wa kijani kwa karibu. Mhifadhi akikubali kuifungua, mwombe mambo matatu: aukaze ufa kwa karatasi nyembamba na gundi ya wanga inayoweza kutolewa, aweke ubao usio na asidi nyuma, na apige picha ya upande wa pili wa ukurasa kabla hajaufunika tena. Kurasa nyingi za albamu zina maandishi upande wa pili pia, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeutazama wa kwenu.